Mtama Mwekundu wa Dranya

Msimu wangu wa kwanza wa kufundisha kilimo, darasa langu lilipanda chakula kilichokwisha kupikwa.

Ninyi walimu mnaoingia darasani leo na vitabu vyenye picha za rangi, chekeni tu, mimi nimeshazoea. Ilikuwa upande wa Sudan, kwenye makazi ya wakimbizi, baada ya vita vya sabini na tisa kututoa Koboko na vyungu vikiwa bado jikoni. Niliwaambia watoto kila mmoja aje na mbegu kutoka nyumbani. Nyumbani kwenyewe kulikuwa kibanda cha nyasi na gunia la msaada, na ndani ya gunia mlikuwa na bulga. Bulga ni ngano iliyochemshwa, ikakaushwa, ikavunjwavunjwa, ndipo ikatiwa guniani. Watoto walijua hiyo tu, wakaileta kwa fahari, kila mmoja na kopo lake. Mimi nikawapangia mistari kwa kamba, tukafukia, tukamwagilia maji tuliyoyabeba kichwani kutoka kisimani.

Haikuota. Tukaendelea kumwagilia. Mtoto mmoja akaniuliza, "Malimu, hii mbegu nalala mpaka lini?" Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu hasa kwamba mvumilivu hula mbivu, nikawatolea somo zima la subira, na wao wakaitikia.

Siku moja akapita mama mmoja na jembe begani, mtoto mchanga mgongoni. Akasimama, akainama, akachokoa udongo kwa kidole, akatoa chembe moja na kuitia mdomoni. Akatafuna polepole huku ananitazama.

"Malimu," akasema, "hii iko tayari. Lete chumvi."

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ndivyo nilivyokutana na Mama Kiden wa Dranya, kijiji cha kwetu Koboko.

Niwaeleze mimi ni nani, msije mkadhani nilikuwa mjinga wa kuzaliwa. Mimi Zaitun nilizaliwa kwenye kota za askari. Baba yangu alikuwa sajini, na kwetu chakula kilitoka stoo, hakikutoka shambani. Kiswahili nilikinywa pamoja na maziwa. Hesabu nilizijua, Korani nilikuwa naisoma vizuri, na cheti cha ualimu nilikuwa nacho. Lakini jembe nililijua kama chombo cha adhabu, maana kule kota askari akikosea ndipo alipopewa jembe akalime. Kilimo kiliniangukia tu, kwa sababu walimu wa makazini tulikuwa wachache na hakuna aliyelitaka somo hilo.

Mama Kiden naye alikuwa mjane. Binti yake alifariki njiani wakati wa kukimbia, akamwachia mtoto, ndiye Poni aliyekuwa mgongoni siku ile. Watu walikimbia na sufuria, redio, cherehani. Yeye alikimbia na mjukuu na mafundo ya mbegu kwenye nguo: mtama mwekundu, wimbi, yaani ulezi, na simsim, yaani ufuta. Kila mwaka kule ugenini alikuwa akipanda kijishamba kidogo kama mkeka. Hakupanda ale. Alipanda ili mbegu isife. Mbegu ikikaa bila kupandwa, miaka michache tu na imekwisha, hata uitunze vipi.

Nikamwomba anifundishe. Akakubali kwa sharti kwamba nisimkatishe.

Kosa langu la pili lilikuwa kwenye wimbi. Wimbi changa lina ndugu yake, gugu moja linalofanana nalo kama pacha. Niliwapeleka watoto kupalilia, tukafanya kazi safi sana. Mama Kiden alipokuja akazunguka shamba mikono nyuma, akasema, "Majani yako imependeza. Wimbi ulitupa wapi?" Tulikuwa tumeng'oa wimbi lote na kulilea gugu. Basi shikeni hili, maana hamtalipata kwenye kitabu. Vuta kidogo. Wimbi changa litakuja, ila gugu litang'ang'ania ardhi na kukukata kidole. Tazama shina chini kabisa: la gugu ni bapa na jeupe. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuyajua hayo kwa vidole, na akiyajua kwa vidole hayasahau.

Sitaki mdhani kila alilosema Mama Kiden lilikuwa sawa. Yeye alikuwa mtu wa kurusha. Kwao mbegu ya mtama na ya wimbi huchanganywa, mtu akatembea akirusha kama anayelisha kuku, kisha ardhi ikakwaruzwa juu juu kwa jembe. Mistari aliiona kama upuuzi wa askari. "Mtama iko paredi?" alikuwa akiniuliza. Lakini ukiwa na watoto wengi ambao hawajui wakanyage wapi, mistari inaokoa mimea. Tulibishana msimu mzima. Mwishowe alikuja akaona watoto wangu wamemaliza kupalilia na bado jua halijawa kali, akasema, "Haya, paredi iko na faida." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Tuliporudi Uganda, Poni alikuwa mwanafunzi wangu. Shule ya Dranya ilikuwa kuta bila mapaa, na nyasi zilikuwa zimeota mpaka darasani. Watoto wengi walizaliwa ugenini. Ukimwuliza mtoto mji wa Arua uko wapi, anakuonyesha barabara tu. Ukimwuliza watu wa Terego wanalima nini, anakutazama. Kwao chakula kilikuwa kinatoka kwenye lori, kama kilivyokuwa kikitoka stoo kwangu mimi. Labda ndiyo sababu niliwahurumia.

Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo naliona bora kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Tuligeuza shamba la shule kuwa ramani ya West Nile, mkoa wetu. Mto Nile ulikuwa mfereji upande wa mashariki. Huko pembeni yake tukapanda mtama mfupi na simsim, kama wafanyavyo Wamadi. Upande wa chini, kusini, tukapanda mahindi kwa ajili ya watu wa milimani. Katikati, Terego na Maracha, tukatia wimbi. Arua ilikuwa jiwe kubwa ambalo kila mtu alitaka kulikalia. Na kona ya juu kushoto ilikuwa Koboko, na Koboko ilihitaji mtama mwekundu.

Mtoto alikuwa anatumwa, "Nenda Terego kapalilie, ukirudi pitia Arua uniletee jembe." Wazazi wakipita njiani walikuwa wakisimama kusikiliza, wakicheka. Baada ya muda darasa zima likawa linaijua nchi yake kwa nyayo.

Ule mtama mwekundu ulikuwa mtama wa polepole. Ulipandwa mvua zikiwa zimeshakolea, ukasimama shambani wakati mazao ya wengine yamekwisha kuvunwa, na ukakomaa watu wakianza kuchoma nyasi. Ukikaribia kukomaa shingo yake ilikuwa inapinda, suke likatazama chini kama msichana anayeposwa. Ukiwa mbichi ulikuwa mchungu, unakamata ulimi. Ndege waliujaribu wakautema. Uji wake ulikuwa wa rangi ya udongo wa njia, na mama aliyejifungua alipewa huo kabla ya kitu kingine.

Kiangazi cha kwanza baada ya kurudi, moto wa nyasi ulipita kwenye jiko la Mama Kiden. Masuke yake ya mbegu yalikuwa yananing'inia juu ya mafiga, mahali ambapo moshi huzuia wadudu. Yaliungua yote. Kilichobaki ni debe dogo alilokuwa ameshalileta shuleni. Tuliuliza kwa majirani, lakini karibu wote walirudi na mbegu ya msaada, ile nyeupe fupi inayokomaa upesi.

Nikamwambia, "Mama, chukua debe lako urudi nalo."

Akakataa. "Mgongo yangu imekwisha. Mimi niko mtu moja, shule iko na watoto mingi. Panda yote hapa kwa kona ya Koboko. Ikikomaa, kila mtoto napeleka mkono moja ya mbegu kwa mama yake. Hapo mimi nalala vizuri."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mbegu yote ya mtama ule, kwa kadiri tulivyojua, ilikuwa kwenye kona moja ya shamba la shule, na Mama Kiden alikuwa anaingoja iingie nyumba zote za Dranya kabla hajafa.

Sasa mje kwa Mzee Swalehe. Alikuwa mwenyekiti wa wazazi, askari wa zamani, mtu wa msikiti, aliyefahamiana na marehemu baba yangu. Msimfanye mbaya. Alibeba mawe ya kujengea shule kwa mabega yake mwenyewe na uzee wake ule. Lakini mdogo wake alikufa ugenini kwa pombe, alikutwa asubuhi kando ya njia, na tangu hapo Mzee Swalehe alikuwa hawezi kuona chungu cha kwete akanyamaza. Kwete ni pombe yetu ya nafaka, na kimea cha mtama mwekundu ndicho kilichosifika kuiumua.

Alikuja mtama ukiwa umefika kiunoni.

"Binti yangu," akaniambia, "mimi nakuheshimu, baba yako alikuwa mkubwa yangu. Lakini hii mtama iko ya kwete. Kila mtu najua. Mtoto nakuja shule kusoma, hapana kujifunza pombe."

"Mzee wangu, hata mahindi hupikiwa kwete."

"Mahindi iko na kazi mingi. Hii kazi yake moja."

Nikamweleza kuhusu uji wa waliojifungua, ugali, ndege. Nikamwambia mimi pia ni Mwislamu na nimeunywa uji huo tangu ugenini wala sijapepesuka. Akacheka. Akasema, "Basi tutaona." Mimi nikadhani yamekwisha. Kumbe mkubwa wa kwetu akisema tutaona, hajasema ndiyo.

Mtama ukatoa masuke. Ulipofika hapo nikaitwa Arua kwenye mafunzo ya walimu, kujifunza vitabu vipya. Tulionyeshwa picha za trekta na ngano. Nilikaa nikiwaza kona yangu ya Koboko, nikahesabu kwamba nikirudi punje zitakuwa zinaanza kuwa ngumu.

Nilipokuwa huko, shirika moja lilileta mbegu nyeupe kwa ajili ya shule, wakataka kuona ardhi imeandaliwa. Mzee Swalehe akaitisha siku ya kazi. Hedimasta alikuwa mgeni, hakujua habari za debe la Mama Kiden, akakubali. Wakaita na watoto, maana shamba la watoto husafishwa na watoto. Wakapewa mapanga na slasha za kufyekea nyasi, wakaambiwa wasafishe ile kona yenye mtama wa pombe.

Poni alikuwemo. Mtoto wa kwetu akiamriwa na mzee hasemi, "Huu ni wa bibi yangu." Alikata.

Nilirudi kwa lori, nikaona toka barabarani kwamba Koboko haipo. Nilishuka nikaenda moja kwa moja shambani na mfuko wangu kichwani. Mabua yalikuwa yamelazwa vizuri kabisa, masafi, kama nilivyowafundisha. Nikaokota suke nikaminya punje. Ilitoa maziwa.

Nyote mnaofundisha nafaka mjue maana yake. Punje ikiwa bado maziwa si mbegu. Haina kitu ndani cha kuamka. Unaweza kuikausha, kuiombea, kuifunga kwenye hariri, haitaota. Nilikaa chini hapo na nililia, na sikujali kwamba watoto wananiona.

Nikaenda kwa Mama Kiden. Alikuwa ameshajua. Nilikuta masuke mabichi yamening'inizwa juu ya mafiga, mengi, yamefungwa kwa kamba za majani. Poni alikuwa ameyabeba yote kutoka shuleni kwa mikono yake, akayatundika kama alivyoona yakitundikwa siku zote. Yalikuwa yameanza kusinyaa. Tuliyaacha. Baadaye tulifunga punje kadhaa kwenye kitambaa kibichi, kama mnavyopima mbegu yoyote, na tukangoja. Hakuna iliyotoa hata jino. Poni alikuwa anafungua kile kitambaa kila akirudi kuchota maji.

Mtama mweupe ulipandwa, ukaota, ukapendeza, na ulipokomaa ndege wakaja kutoka kila upande wa dunia. Watoto walipiga mikebe mpaka wakakauka koo. Mzee Swalehe mwenyewe alisimama Koboko, anarusha mawe. Hatukuvuna hata cha kumpa mgonjwa. Alikuja kwangu, kofia mkononi. "Binti yangu," akasema, "mimi nilifukuza pombe, nikaita ndege." Alitembea vijiji vingi akiulizia ule mtama, na fimbo yake, mpaka miguu ikavimba. Hakuupata. Nilimsamehe, na ningemsamehe zaidi kama angekuwa mtu mbaya, maana hapo ningekuwa na wa kumkasirikia.

Tangu siku ile Poni alibadilika. Alichota maji, alifagia, alisoma vizuri kuliko wote. Ila hakushika tena panga wala jembe penye nafaka. Siku za mavuno alikuwa anaumwa tumbo. Bibi yake alijua ni tumbo gani.

Mimi nikahamishiwa Arua, shule moja kule mtaa wa Oli. Huko shamba letu lilikuwa kipande kidogo kati ya nyumba za wapangaji, na darasa lilikuwa na watoto wa wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya Kongo. Mmoja aliwahi kuniuliza, huku ameshika bua, "Mwalimu, mutu anapanda hii yeye mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, mtu hasa ndiye anayepanda. Nilipenda kazi ya Oli lakini sikuchora tena ramani. Watu waliniuliza kwa nini, nikasema ardhi haitoshi.

Ikaja habari kwamba Mama Kiden yuko hoi. Nikapita soko la Arua nikatafuta mtama mwekundu. Mama mmoja muuzaji akanisifia wake, "Hii mutama iko muzuri sana, mugonjwa akikunywa anaamuka," nikanunua, nikapanda gari la Koboko.

Nilimwambia mlangoni, mapema, kwa sababu sikutaka udanganyifu kati yetu. "Mama, huu ni wa soko la Arua."

"Nasikia," akasema.

Poni alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa. Alikuwa nje, hakusikia. Akasaga, akapika, akaleta uji kwenye kibuyu. Mama Kiden akanywa kidogo, akaushikilia mdomoni, akameza. Kisha akaita, "Poni, kuja. Onja."

Poni akaonja.

"Mtama yetu imerudi," Mama Kiden akamwambia. "Malimu naileta. Unaona? Haikukufa."

Nilifungua mdomo. Yule mama akanitazama. Nimetazamwa na wakaguzi, na mahedimasta, na askari wa vizuizi vya barabarani, lakini sijawahi kuamriwa kunyamaza namna ile. Nikafunga mdomo. Poni akaanza kulia, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, na bibi yake akamwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akamwambia achague punje nzima nzima, aziweke za kupanda.

Mama Kiden hakuziona mvua zilizofuata. Poni aliziona. Alishika jembe, akapanda punje za soko la Arua, akavuna, akagawa mkono mmoja kwa kila nyumba kama bibi yake alivyotaka. Ukaenea. Dranya nzima wakauita mtama wa Kiden. Nami nilipokuwa napita huko na kuuona umesimama wima, suke juu, ndege wanaula, nilisema ni mzuri. Ningesema nini? Msichana alikuwa amepata usingizi.

Miaka ikapita. Poni akasoma, akawa mwalimu, akapangiwa shule ile ile ya Dranya. Akaniita nije nione. Alikuwa ameichora upya ramani yote, na mfereji wa Nile, na jiwe la Arua. Kwenye kona ya Koboko ulisimama mtama wa Kiden. Watoto walipokwenda nyumbani tukakaa kwenye jiwe la Arua, wawili, tukala njugu.

"Mwalimu," akasema, "shingo yake haipindi."

Nikamenya njugu nyingine.

"Wa Bibi ulikuwa unapinda."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipoonja. Wa Bibi ulikuwa unakamata ulimi."

Nikaweka njugu chini. "Na kwa nini hukusema?"

"Bibi alitaka nipumzike. Ningemwambia nini, anakufa? Na wewe ulikuwa na furaha sana umeuleta. Nilidhani hujui." Akacheka kidogo. "Mwalimu, wewe hata wimbi na gugu hukujua."

Tulicheka, na tulikuwa na sababu ya kucheka. Watu wawili tumelindana miaka yote hiyo, kila mmoja anadhani anamficha mwenzake. Adabu zetu hizo, vijana, ni nzuri sana, na mimi nimelelewa nazo. Lakini nataka mjue zilitugharimu nini.

Poni akasema, "Nilikuwa nataka siku moja tumfuate Keji."

"Keji ni nani?"

Akanishangaa. Kumbe siku ya kuondoka Sudan, Mama Kiden alimwachia jirani yake mwenyeji, mama aliyeitwa Keji, fundo la mtama mwekundu kama asante ya ardhi aliyomruhusu kulima. Poni alikuwepo, ameshika upindo wa nguo ya bibi yake. Mimi nilikuwa nimetangulia na lori la shule. Poni alinyamaza kwa sababu kuomba mbegu kwa Keji kungekuwa kutangaza kwamba bibi yake alisema uongo. Mimi sikuuliza kwa sababu niliogopa kumwamsha Poni. Mama Kiden tangu siku ya mapanga alikuwa anamwona mjukuu wake tu, kisha akaugua. Mzee Swalehe angekwenda hata kwa magoti, lakini naye aliambiwa mtama umerudi, akamshukuru Mungu, akaweka fimbo chini. Hakuna aendaye kutafuta kitu ambacho watu wote wanasema kimeshapatikana.

Ile njia ya Sudan ilikuwa wazi miaka kadhaa. Tungekwenda na kurudi tukiimba. Sasa, siku ile tulipokaa kwenye jiwe, vita vya Sudan vilikuwa vimeifunga, na watu wa kule walikuwa wanamiminika Koboko kama sisi tulivyomiminika kwao.

Tulikwenda walipokuwa wanapokelewa. Tulikwenda zaidi ya mara moja, tukiulizia. Mwishowe Poni akashika mkono wangu. Mama mmoja mwembamba alikuwa ameketi juu ya jerikeni, wajukuu wamemzunguka, na Poni akamjua kwa kovu la shavuni. Yeye hakumjua Poni mpaka alipotajiwa Kiden. Hapo alisimama. Akamshika uso kwa mikono miwili, wakaongea Kikakwa, kwa haraka, huku wanalia, na mimi nikawa nafuata niwezavyo.

Poni akauliza habari za mtama.

"Wa Kiden?" Keji akasema. "Tulikuwa nao mpaka msimu huu. Tumekimbia ukiwa unatoa maua. Mbegu ilikuwepo nyumbani, imetundikwa pale juu, nikaitazama, nikasema nibebe mtoto huyu, nisihangaike na ile."

Akatutazama, akaanza kutabasamu. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona uso wake umetulia tangu tumfikie.

"Nilijua nakuja kwenu," akasema. "Kwa Kiden ipo."

Akafungua upindo wa leso yake, akaushika wazi mbele yetu, mtupu, tumtilie mbegu.